Mwaka wa Kumwaga Oili Nyumbani

Habari ya kifo cha Kalisto ilinikuta asubuhi nikipepeta mchele uani, na aliyepiga simu alikuwa mtoto wake wa kiume, ambaye sikuwahi kumwona hata siku moja. Aliniita mama mkubwa. Nikamwambia pole baba, nikamuuliza mazishi lini, akasema kesho baada ya misa, kulekule Karema. Nikamshukuru, nikakata simu, nikaendelea kupepeta. Mpwa wangu Fidelis, mtoto wa kaka niliyemlea mwenyewe na ambaye sasa ana ndevu na mke, alipokuja kuniangalia alinikuta nimepepeta mchele mzuri wote ukamwagikia chini na ungo uko mtupu. Alichukua ungo mikononi mwangu, akaniketisha kwenye kigoda, akasema atanipeleka Karema kwa gari yake, ila kwanza lazima amwage oili, kwa sababu iliyomo imeshakuwa nyeusi tii na njia ile haitaki utani. Nilimwambia amwagie hapa hapa nyumbani, beseni lipo na spana zipo. Akacheka kwa upole, jinsi watu wanavyomchekea mfiwa. "Shangazi, nani siku hizi analala chini ya gari? Tunapita pale stendi, wanakumwagia chapuchapu, hata soda hujaimaliza."

Basi nikakaa kwenye benchi la gereji ya chapuchapu, nimevaa kitenge changu cha msibani, nikawatazama vijana wakifanya kazi yao. Wana haraka hao! Mmoja yuko shimoni, mwingine yuko juu ya injini, wa tatu anapokea hela, na redio inapiga muziki kwa sauti ya kupasua masikio. Walifungua boliti, oili ikatoka kwa kishindo, na ilipoanza tu kupungua wakafunga. Nikamwambia yule wa shimoni, "Mwanangu, bado inadondoka." Akaniambia, "Mama, hiyo iliyobaki haina madhara, ni kidogo tu." Huenda ni kweli haina madhara kwa injini. Fidelis alinieleza njia nzima kwa nini gereji ni rahisi kuliko nyumbani: hupotezi nusu siku, huharibu shati, hununui sabuni ya kunawia mikono, na hela ya ufundi wanayokutoza ni ndogo ukilinganisha na safari unayoikosa gari likiwa limelala uani. Nilimwacha aongee. Nina hesabu yangu ya jambo hilo, na nimeibeba tangu nikiwa binti, mwaka ule ambao lami ilikuwa bado haijafika Mpanda na mimi nilikuwa mke wa Kalisto.

Tulipanga chumba cha mwisho katika uwanja wa Mzee Masanja, mtaa wa Makanyagio. Mzee Masanja alikuwa Msukuma aliyeshuka na ng'ombe zake kutoka kaskazini, akalima mpunga, akauza, akanunua pikapu, na Kalisto ndiye alikuwa dereva wake. Chumba kilikuwa kimoja, tumekigawa kwa pazia la maua: huku kitanda na chandarua, kule meza, ndoo mbili za maji, na jiko la mkaa ambalo mvua ikinyesha tulilipikia mlangoni. Dirisha letu lilitazama uani, mahali pikapu ilipokuwa inalala, kwa hiyo nikiwa kitandani niliona matairi na nikiwa mezani niliona taa. Nililijua gari lile kuliko nilivyozijua sahani zangu. Lilikuwa linapeleka mchele na mahindi ziwani, linarudi na dagaa na migebuka, na chumba chetu kilinuka samaki hata siku tuliyokula maharage. Kalisto alikuwa Mbende, mrefu, mpole, mtu wa maneno machache sana. Ukimuuliza swali alikuwa anatabasamu kwanza, na mara nyingi jibu lilikuwa ni hilo tabasamu.

Mwanzoni mwa mwaka ule, mvua zikiwa zimekolea, nilikwenda kwa shangazi yake, kijijini Kabungu, kusubiri kujifungua. Shangazi Gaudensia alikuwa mama mtu mzima aliyezalisha nusu ya kijiji, mwenye mikono mikubwa na sauti ya kuamuru. Mtoto alikuja mchana. Alikuwa wa kike, ana nywele nyingi, na hakulia. Nilisubiri alie. Nilisikia mvua kwenye bati, nikasikia wanawake wananong'ona kwa Kibende, halafu nikasikia Shangazi anasema kwa Kiswahili, ili na mimi nielewe, "Mfunike." Walimviringisha kwenye kitenge, wakatoka naye kwa mlango wa nyuma, wanawake watatu, Shangazi na wenzake wawili, mmoja ameshika jembe. Kalisto alikuwa baraza la mbele na wanaume wengine, kwa sababu ndivyo ilivyo kwao: mtoto ambaye hakuvuta pumzi anazikwa na wanawake wazee, haraka, bila matanga, na baba yake hapaswi kusogea. Na mama haonyeshwi mahali. Shangazi alinieleza sababu jioni ile akinilisha uji. "Mama akijua mahali, tumbo linafunga. Ataenda kulia pale kila siku, na mwingine ataona njia imezibwa. Usiniulize, mwanangu. Hata ukiniuliza nakufa sijakwambia." Na kweli alikufa kabla mwaka haujaisha, na hao wenzake wawili, sura zao sikuwahi kuziona vizuri.

Nilirudi Makanyagio na maziwa yananitoka. Nalisema wazi kwa sababu wakati ule hakuna aliyetaka niliseme. Nilikuwa nafunga kifua kwa khanga, naamka asubuhi khanga imelowa, naifua, naianika kwenye kamba kati ya mashati ya Kalisto, na majirani wanaiangalia na kugeuza macho. Siku moja nikiwa ndani nilimsikia mke wa Mzee Masanja anamwambia jirani kisimani, "Yule wa chumba cha mwisho, maskini, maziwa yanatoka kama ya ng'ombe na mwenyewe hayupo." Jirani akasema, "Atazaa mwingine, bado binti." Walikuwa wanawake wema, waliniletea mlenda na samaki wa kukaanga, lakini kila aliyeingia chumbani alisema neno hilo hilo, atakuja mwingine, mpaka nikaanza kumchukia huyo mwingine. Kalisto naye alikuwa anaingia, anakula, anasema asante, analala. Nilidhani hana uchungu. Nilimkasirikia vibaya, na hasira yangu niliimalizia kwenye sufuria.

Halafu ikafika siku ya kumwaga oili. Mzee Masanja alikuwa bahili wa kupindukia, wa kukata kiberiti mara mbili, na kwake haikuwezekana kumlipa fundi kwa kazi ambayo dereva anaiweza. Kwa hiyo kila baada ya safari kadhaa Kalisto alikuwa anaimwaga mwenyewe, Jumapili baada ya misa. Aliwasha injini kidogo ili oili ipate moto ikimbie vizuri, akaizima, akatandika gunia, akalala chali akaingia chini hadi zikabaki miguu tu nje. Mimi kazi yangu ilikuwa beseni. Nilichuchumaa pembeni, nikalisogeza alipoelekeza, yeye akailegeza boliti kwa spana na mwisho kwa vidole, akauondoa mkono haraka asiungue, na oili ikashuka nzito. Mwanzo inakuja kwa kasi, kisha inakuwa nyembamba, kisha inaanza kudondoka tone, tone. Kalisto hakuwa na haraka na hayo matone. Alikuwa anasema uchafu mbaya uko mwishoni, ukifunga mapema umeuacha ndani. Kwa hiyo tulikuwa tunasubiri, yeye kule chini na mimi huku, nimeshika ukingo wa beseni.

Siku hiyo, matone yakiwa yameanza, aliniita kutoka kule chini. "Skola."

"Naam."

"Yule mtoto alikuwa na nywele?"

Nilibaki nimeshika beseni. Ilikuwa mara ya kwanza mtu yeyote kuniuliza alivyokuwa. Nikamwambia alikuwa nazo nyingi, mpaka karibu na nyusi. Nikaona miguu yake inasogea, kidole gumba cha mguu mmoja kinasugua kingine. Halafu akauliza kama alikuwa mweusi kama yeye au maji ya kunde kama mimi. Nikamwambia. Akauliza kama vidole vilikuwa virefu. Nikamwambia vyote nilivyoviona, na sikuwa nimeona vingi, na yeye akavipokea kimoja kimoja kutoka chini ya injini, akivuta kamasi. Nilitambua analia. Nisingeweza kujua kama angekuwa ameketi mbele yangu mezani, kwa sababu pale angetabasamu. Nikamuuliza, "Kalisto, amelala wapi?" Oili ikadondoka. Kisha akasema, "Usiwaze. Amelala pazuri."

"Umepaona?"

"Nimepaona. Niliwafuata kwa mbali. Hawakujua."

Sijui niwaelezeje nilivyofurahi. Hilo ni neno la ajabu kulitumia, lakini ndilo. Niliona nina mume kuliko wanawake wote wa Mpanda, mume aliyevunja mwiko wa wazee wake akanyata kwenye mvua ili ajue mahali mtoto wake alipowekwa. Siku ile nilipika wali na migebuka ya nazi, nazi yenyewe iliyosafirishwa kutoka mbali na bei yake ni ya kutubia, tukala pale pale pembeni ya gari, mikono yake bado ina weusi kwenye kucha. Mzee Masanja alipita na ndoo yake kuchukua oili chafu, ambayo alikuwa anapakaa nguzo za zizi lake ili mchwa wasizile, na majirani nao wakaja na makopo kuomba ya kupaka vitanda na miimo ya milango. "Msinimalizie!" akawa anawafokea. "Hii ni dawa, mnadhani naiokota?" Tukacheka. Nilikuwa sijacheka tangu Kabungu.

Baada ya hapo nikawa naishi kwa kusubiri oili ichakae. Wake wengine wanasubiri mshahara, mimi nilikuwa namuuliza Kalisto, "Bado haijawa nyeusi?" na yeye anachomoa kijiti cha kupimia, ananionyesha, anasema bado safari moja. Katikati ya hizo siku alikuwa yule yule wa tabasamu. Lakini akilala kwenye lile gunia, uso wake haonekani, alikuwa mtu mwingine. Aliniambia kidogo kidogo. Kuna kijito, nyuma ya mashamba ya mpunga. Ukivuka, kuna mninga mkubwa peke yake. Ni upande wa jua la asubuhi. Udongo wake ni mwekundu na mlaini. Waliweka mawe matatu juu ili wanyama wasifukue. Kila mara aliongeza kitu, na mimi nilikibeba mpaka mara nyingine, nikakipanga na vile vya zamani, mpaka nikawa ninaweza kufumba macho nikiwa naosha vyombo nikatembea kutoka mlango wa nyuma wa Shangazi hadi kwenye yale mawe. Maziwa yalikauka. Nikaanza tena kusuka nywele. Mke wa Mzee Masanja alisema nimerudi kuwa mtu.

Bila shaka nilitaka kwenda. Nilimwambia, "Nipeleke. Sitalia, sitamwambia Shangazi, nitaangalia tu." Akasema mvua zikiisha, kijito kimejaa. Mvua zikaisha. Nikamkumbusha, akiwa chini ya gari, akasema majani ni marefu, kuna nyoka, tusubiri watu wachome moto. Nikasubiri. Moto ukapita, milima ikawa myeusi, vumbi likaanza. Jumapili moja, kiangazi kimekolea, nilishika beseni nikamwambia kabla hata oili haijaanza kudondoka, "Kalisto, siku utakayomwaga tena, ukishafunga boliti tunaondoka. Gari litakuwa safi, Kabungu si mbali. Nimeshamwomba mke wa Mzee, amesema atatuombea ruhusa." Nikagonga bodi ya gari kwa kiganja. "Umenisikia?" Akasema, "Nimesikia." Nikamwambia sema sawa. Akasema, "Sawa, Skola."

Kipindi hicho ndipo jirani na stendi ikafunguliwa gereji ya kwanza ya chapuchapu, ya jamaa mmoja aliyetoka Tabora, amechimba shimo na kulijengea saruji. Mji mzima ulikuwa na maoni. Uwanjani kwetu wanaume walibishana juu yake jioni wakila mihogo ya kuchoma. Mwenye trekta alisema ni wizi mtupu: oili wanayokutilia huijui imetoka pipa gani, filta wanakwambia wamebadilisha kumbe wameifuta kwa tambara, na ile chafu, ambayo ni mali yako, inabaki kwao wanaiuza kwa wachoma mbao. Mwenye teksi akasema nyie watu wa shamba hamjui thamani ya muda, unalala chini ya gari kutwa nzima kuokoa hela ya ufundi huku abiria wanapanda gari la mwenzako. Mzee Masanja alitafuna tu muhogo wake. Nilikuwa nawasikiliza kutoka dirishani na nilikuwa upande wa trekta kwa moyo wangu wote.

Wiki chache baadaye Kalisto alirudi na pikapu mchana, nikachomoa kijiti cha kupimia kama nilivyokuwa nimezoea, nikaona oili ya rangi ya asali. Nilidhani nimekosea. Nikakipangusa, nikakirudisha, nikakitoa tena. Nikaingia ndani alipokuwa anakula ugali, nikamuuliza, "Nani kamwaga?" Akasema pale stendi. Nikauliza kwa nini. Akasema, akiangalia sahani, "Mzee anataka hivyo. Anasema muda ni hela." Na alipomaliza kula akatabasamu. Nikamwambia basi twende Kabungu tu, oili au bila oili, na yeye akasema ana mzigo wa Karema kesho yake. Na kesho yake akaenda kweli.

Hakulala tena chini ya lile gari. Nilijaribu kumuuliza mezani, nikajaribu kitandani, nikajaribu tukirudi kanisani njiani. Kote nilipata tabasamu, na mwisho hata hilo likaisha, akawa anatazama pembeni. Chumba kile kilikuwa kidogo sana kwa watu wawili wasioongea. Nilikuwa nasikia anavyotafuna. Nilianza kumchukia Mzee Masanja kwa chuki ambayo hadi leo inanishangaza, nilipomwona anapita na ndoo yake tupu nilikuwa nageukia ukuta. Nilimwona ni mtu aliyeninyang'anya mtoto wangu mara ya pili ili apate safari moja zaidi ya dagaa. Safari za Kalisto nazo zikawa ndefu, siku mbili zikawa nne, nne zikawa wiki. Shangazi Gaudensia alipokufa nilikwenda msibani Kabungu, nikazunguka nyuma ya mashamba ya mpunga peke yangu. Kijito nilikikuta. Lakini kuvuka kijito kuna mininga mingi, hakuna ulio peke yake, na mawe yako kila mahali. Nilirudi nikamwambia Kalisto, "Nimeshindwa kupapata. Nionyeshe hata kwa kidole." Alikuwa ameketi na wanaume. Alisimama, akaenda kulitia gari maji. Mwisho wa mwaka akaacha kazi kwa Mzee, akapata kibarua kwa wenye mitumbwi ya samaki Karema, akasema atanitumia ujumbe nifunge virago. Sikutumiwa ujumbe. Hatukuwahi kuachana kwa maneno, na kanisani mimi ni mke wake hata hivi ninavyoandika. Sikuzaa tena. Watu wa Kabungu wanajua sababu wanayoijua wao.

Basi nimekwenda Karema na Fidelis, kwa gari lenye oili mpya. Mjane wa Kalisto, Mama Beata, ni mwanamke mnene, mwenye huruma. Alinikumbatia mbele ya watu wote, akaniketisha kwenye mkeka wake, akanigawia nafasi ya kumlilia marehemu. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, nikakosa pa kuupeleka. Tulizika, ziwa likiwa linaonekana kule chini, tukarudi nyumbani kula wali na migebuka. Hapo ndipo Fidelis alipokuja kuniambia kuna mzee ananiulizia, ameletwa na mwanawe kutoka Mpanda. Alikuwa Mzee Masanja. Amekuwa mdogo, macho yameingia ukungu, lakini fimbo ni ile ile. Nilikaa karibu naye kwa sababu heshima ndivyo inavyotaka. Akaniita mama kwa Kisukuma chake: "Mayu, pole. Kijana alikuwa mzuri yule. Dereva kama yule sikupata tena." Na mimi, Mungu anisamehe, mbele ya sahani za msiba, sikuweza kujizuia. Nikamwambia kama kwa utani, ila yeye si mjinga, "Mzee wangu, ungemwacha amwage oili nyumbani tungekuwa naye mpaka leo. Wewe na hiyo ‘muda ni hela’ yako."

Akanigeuzia sikio. "Nani? Mimi?"

"Wewe ndiye ulimpeleka kwa wale wa stendi."

Akaanza kucheka, kicheko cha wazee kisicho na sauti. "Mimi Masanja nilipe watu kwa kazi ya bure? Na oili yangu niwaachie, mchwa wanakula zizi langu? Mayu, yeye ndiye aliniomba. Nikakataa. Akasema nikate kwenye posho yake. Tulikuwa tunakata kila mara, yeye ndiye aliyekuwa analipa."

Nikamuuliza kwa nini mtu alipe hela yake kwa kitu anachokiweza kwa mikono yake.

"Hata mimi nilimuuliza hivyo hivyo," akasema. "Alinijibu neno ambalo mpaka leo sijalielewa. Aliniambia, Mzee, nikilala pale chini mke wangu ataniuliza, na mimi sijui. Nikamwambia hujui nini? Akatoa machozi, mwanaume mzima, pale pale zizini. Nikaona nisimchokoze." Alinisogelea. "Alikuwa hajui nini, mayu?"

Watu walikuwa wanakula. Mama Beata alikuwa anapita na jagi la maji ya kunawa. Nilikaa pale, na kijito kikaondoka, na mninga ukaondoka, na udongo mwekundu na mawe matatu na jua la asubuhi, vyote alivyonipa kimoja kimoja kutoka chini ya injini. Hakuwafuata. Alikaa barazani kama walivyomwambia, na mvua ikinyesha, na aliponiona nimekauka akaniambia kitu cha kuniponya, halafu kingine, halafu kingine, mpaka nikamwomba anishike mkono anipeleke huko. Nilijua tangu zamani kwamba simwoni tena mtoto wangu. Sikujua kwamba na baba yake hakuwahi kuonyeshwa mahali.

Nikamwambia Mzee Masanja kwamba tulikuwa na mtoto wa kike, amezikwa Kabungu, na baba yake alikuwa hajui mahali. Mzee akavua kofia. Nilitaka kumkasirikia Kalisto nikashindwa, nikalia kwa sauti mbele ya ndugu zake, na wote wakadhani namlilia mume. Nilikuwa namlilia kwa kitu kimoja tu. Angetoka chini ya lile gari siku moja, na weusi wake mikononi, akaniambia Skola, sijui. Tungekuwa wawili tusiojua. Ningeweza kuishi hivyo.